Mmea Mpya Hupataje Jina? Kutoka Senetwet ya Mursik hadi Rafu za Nairobi

Ni nyumba chache Kapseret ambazo hazijui senetwet. Kichaka hicho chenye maua ya manjano huota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Kijiti chake huchomwa, na kaa lake husuguliwa ndani ya sotet kabla ya maziwa ya mursik kutiwa.

Mwaka 1839, mwanabotania Mjerumani Georg Fresenius alikieleza kichaka hichohicho katika chapisho la kisayansi kama spishi mpya, akakiita Cassia didymobotrya. Mwaka 1982 wataalamu wengine walikihamishia jenasi tofauti, na leo vitabu hukiita Senna didymobotrya. Kina mama waliokuwa wakisafisha vibuyu kwa kaa lake hawakuulizwa lolote mara zote mbili.

Mfano huo unaeleza neno "mpya" linavyotumika katika sayansi ya mimea. Spishi huitwa mpya si kwa sababu haijawahi kuonekana na mtu, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuichapisha kwa kufuata kanuni za kimataifa. Mzee wa Ngeria au Megun anaweza kuwa na jina la mmea, akajua unatibu nini na ng'ombe hawaugusi mwezi gani, na bado mmea huo ukawa haumo katika orodha yoyote duniani.

Kazi ya kuuingiza huanza shambani. Mtaalamu hukata tawi lenye majani, maua na, ikiwezekana, matunda. Hulilaza kati ya kurasa za gazeti na kulibana hadi likauke. Hapohapo huandika mahali, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua na harufu yake, kwa sababu rangi na harufu hupotea mmea ukikauka. Mkusanyaji makini huandika pia jina la kienyeji na matumizi. Asipoandika siku hiyo, hakuna atakayeweza kuandika baadaye.

Sampuli hiyo hupelekwa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Iliyo kubwa zaidi katika eneo letu ni Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi. Ilianzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ina sampuli zinazokaribia milioni moja. Mtaalamu huulinganisha mmea wake na jamaa zake wote waliomo humo, na mara nyingi na wale walio katika hebaria za Ulaya pia, kwa kuwa sampuli nyingi za enzi ya ukoloni zilipelekwa huko.

Hatua hii ndiyo inayokula miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizopewa jina ndani ya miaka mitano tangu kukusanywa, na karibu robo zilitokana na sampuli zilizokuwa zimekaa rafuni zaidi ya miaka 50. Kwa maneno mengine, mmea unaweza kukatwa bondeni, ukafika Nairobi, na msitu wake ukageuzwa shamba kabla hajatokea mtu wa kufungua faili lake.

Mtaalamu akiridhika kwamba mmea haufanani na wowote unaojulikana, huandika maelezo yake na kuteua sampuli moja iwe kielelezo cha kudumu cha jina hilo. Tangu mwaka 2012 maelezo yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza. Kabla ya hapo, tangu 1935, Kilatini kilikuwa lazima. Jina lenyewe bado hufuata muundo wa Kilatini wenye sehemu mbili. Laweza kutaja umbo, mtu au mahali. Aloe cheranganiensis ni ya milima ya Cherangani, na Aloe tugenensis ni ya milima ya Tugen, Baringo. Soget, mti ambao gome lake hutumiwa kutibu kikohozi, unaitwa Warburgia ugandensis, kwa hiyo umebeba jina la Mjerumani Otto Warburg na la nchi jirani kwa pamoja.

Ni mara chache lugha zetu hupata nafasi katika majina hayo, ila hutokea. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt wa bustani ya Kew, Uingereza, alipoeleza jenasi mpya ya pwani yenye maua ambayo wanawake hujipamba nayo kwa manukato yake, alichukua jina la Waswahili lilivyo: Mkilua. Kanuni ziliruhusu hilo wakati huo na zinaruhusu hadi leo.

Kwa kawaida jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndilo linaloshinda, hesabu ikianzia kitabu cha Carl Linnaeus cha mwaka 1753. Hata hivyo, mkutano wa Madrid wa Julai 2024 ulifanya jambo lisilo la kawaida. Wanabotania walipiga kura 351 dhidi ya 205 kubadilisha majina yenye neno "caffra", ambalo asili yake ni tusi lililotumiwa dhidi ya Waafrika kusini mwa bara. Badala yake ni "affra", yaani ya Afrika. Wenye ua wa kayaba wanahusika moja kwa moja: kichaka hicho chenye miiba kilikuwa Dovyalis caffra, na sasa ni Dovyalis affra.

Mkazi anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Mwaka 2012 vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania vilikamilika baada ya miaka 60, vikiwa na spishi 12,104, na takriban 1,500 kati yake zilikuwa mpya kwa sayansi. Ugunduzi unaendelea. Ripoti ya Kew ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mimea mitatu kati ya kila minne ambayo bado haijaelezwa huenda iko katika hatari ya kutoweka. Mmea usio na jina kwa kawaida hauwekwi katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Ripoti ya tathmini ya mazingira inapoandikwa kabla ya bonde kujengwa, mmea huo huhesabiwa kuwa majani tu. Katika wadi kama Langas na Simat/Kapseret, ambako mashamba yanagawanywa kuwa ploti, hilo ni suala la sasa.

Kuna pia suala la mali. Vijidudu vya chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria viliishia katika maabara za ng'ambo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalazimika kudai fungu la Wakenya. Tangu wakati huo sheria zimekazwa. Mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI. Anayetaka kuchukua mimea ili kuchunguza vinasaba au kemikali zake anahitaji kibali cha NEMA chini ya kanuni za mwaka 2006. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 nayo inataka jamii iridhie kwanza kabla maarifa yake hayajatumiwa, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista ya maarifa hayo.

Kwa hiyo mgeni akifika shambani na kuanza kukata matawi au kuuliza dawa za wazee, mwenye shamba ana haki ya kuomba kuona leseni yake na kumjulisha chifu au msimamizi wa wadi kabla ya kumwonyesha chochote. Mtafiti wa kweli huwa nayo mfukoni.

Na mkazi aliye na mmea ambao hata wazee wanautilia shaka asiung'oe. Apige picha ya mmea mzima, ya jani pande zote mbili, ya ua na ya tunda, aandike mahali na tarehe, pamoja na jina analoitwa kwao, hata kama majirani wana jina tofauti. Idara za biolojia za Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi ndizo za karibu kwa ushauri wa awali. Picha pekee haitoshi kuipa spishi jina, lakini humwambia mtaalamu kama safari ya kuja inafaa, na ni mwezi upi maua yatakuwa wazi.