KIOO AU AKRILIKI: SAMAKI WETU TUWAJENGEE NYUMBA GANI?

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Muleba. Shule yake inataka kuweka tangi la samaki katika chumba cha baiolojia, ili wanafunzi wauone uhai wa ziwa kwa macho yao badala ya kuusoma ubaoni. Fundi mmoja amemshauri atengeneze tangi la kioo. Fundi mwingine, ambaye kazi yake ni mabango ya maduka, amemwambia kioo kimepitwa na wakati, achukue akriliki, yaani ile plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo. Mwalimu anauliza: "Kaka mtangazaji, nasikia wewe ulipata kufuga samaki. Nimsikilize nani?"

Siku tatu baadaye, mwenye duka mmoja hapa Bukoba mjini alinisimamisha sokoni na swali lile lile. Yeye anataka tangi la sebuleni. Watu wawili wakiuliza jambo moja katika wiki moja, bila shaka wapo wengine wanaolitafakari kimya kimya. Nimeona leo tulizungumze.

Ni kweli nilipata kufuga samaki. Tangi langu lilikuwa la kioo, na lilivunjika Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri. Mkazi yeyote wa Kagera anaijua saa hiyo. Ndiyo saa ardhi ilipotikisika kwa nguvu iliyopimwa na wataalamu wa Marekani kuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, nyumba nyingi ziliporomoka au kupasuka, Hamugembe ikaumia vibaya, na shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka kiasi cha kufungwa. Mbele ya msiba wa namna hiyo, tangi la samaki si kitu cha kutajwa. Lakini binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 6, alizoea kulala usingizi wa mchana juu ya mkeka, chini ya tangi hilo, akiwatazama samaki mpaka macho yanafumba. Siku ile alikuwa uani na bibi yake wakimenya maharage. Niliporudi ndani nilikuta mkeka umelowa, na juu yake kipande cha kioo chenye urefu wa mkono wangu.

Kwa miezi mingi baada ya siku ile nilikuwa nikimwambia kila mtu: kioo hakifai, laiti ningekuwa na akriliki. Leo sisemi hivyo tena, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Chukua tangi la kawaida la sebuleni, lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 45. Likijaa pomoni linabeba lita 162, yaani madoo manane ya lita 20 na ziada kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo umeweka kilo 162 juu ya meza kabla hujahesabu mchanga, mawe na tangi lenyewe. Aidha, maji hayakai tu, yanasukuma. Ukipiga hesabu, ubao wa mbele wa tangi hilo unasukumwa na uzito wa kilo zipatazo 90, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Ni karibu sawa na kuegemeza pale mifuko miwili ya saruji.

Wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba tangi likiwa refu kwa kwenda pembeni ndipo msukumo chini unapozidi. La hasha. Msukumo wa maji pale chini unatokana na kina. Tangi la mita moja na tangi la mita tatu, yakiwa na kina kimoja, yana msukumo ule ule kwenye kila sentimita ya chini. Ukiongeza kina, hapo ndipo unapoongeza hatari. Ubao mrefu nao una udhaifu wake, kwamba unapinda katikati kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mafundi huweka vipande vya kukaza ukingoni juu.

Sasa tuje kwenye kioo. Kioo kina sifa ya ukakamavu: hakipindi ovyo. Hakikwaruziki kwa urahisi. Unaweza kukisugua kwa wembe kuondoa ule utando wa kijani na kisionyeshe alama. Hakibadiliki rangi kwa miaka. Kubwa kuliko yote, kinapatikana. Hapa Bukoba, na Muleba mjini pia, wapo mafundi wa vioo na aluminiamu wanaokata kwa kipimo unachotaka. Kinaunganishwa kwa gundi ya silikoni, na siku kikivuja unamwaga maji, unakata gundi ya zamani kwa wembe, unasafisha na kupaka upya.

Kasoro zake zinajulikana. Ni kizito. Kikipigwa na jiwe au mpira wa mtoto kinapasuka, na kikipasuka kinakata. Hali kadhalika kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani yake, ndiyo sababu ukikitazama ukingoni kinaonekana cha kijani. Kadiri kinavyokuwa kinene ndivyo ukijani unavyoongezeka.

Na akriliki? Hiyo ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kutengeneza madirisha ya ndege za kivita. Uzito wake hauzidi nusu ya uzito wa kioo chenye ukubwa ule ule. Inastahimili kishindo mara nyingi kuliko kioo. Ni angavu sana, haina ule ukijani, na inaweza kukunjwa kwa joto ikawa duara. Maungio yake yakifanywa na fundi stadi, vipande viwili huyeyuka kidogo na kushikana vikawa kama kimoja. Kwa sababu hizo majumba makubwa ya maonyesho ya samaki duniani yanatumia akriliki. Lile la Dubai, lililofunguliwa mwaka 2008, lina ukuta wa akriliki wenye unene wa sentimita 75. Hebu wazia tofali refu kuliko hatua ya mtu, na bado unaona samaki upande wa pili!

Lakini sifa za Dubai si lazima ziwe sifa za Muleba. Tuzipime moja moja.

Uzito. Lile tangi letu la sentimita 90, likitengenezwa kwa kioo cha milimita 8, vioo vyenyewe vinafika kama kilo 30. Kwa akriliki unaweza kudhani ni nusu yake. Tatizo ni kwamba akriliki inapinda kirahisi zaidi ya mara 20 kuliko kioo, hivyo hapana budi uiongeze unene. Ukitumia milimita 12 unapata kilo 22. Umeokoa kilo 8, katika mzigo ambao ukishajaa maji na mchanga utazidi kilo 200. Kwa anayejenga tangi la mita tatu, au anayesafirisha tangi lililokamilika kwa meli au basi kutoka Mwanza, wepesi ni jambo kubwa. Kwa anayejengewa tangi pale pale mtaani kwake, si hoja.

Joto. Akriliki hupitisha joto kidogo kuliko kioo, kwa hiyo maji hayapoi upesi. Katika nchi za baridi huo ni wokovu, maana wenzetu huko hulipia umeme wa kupasha maji mchana kutwa na usiku kucha. Sisi tupo mwambao wa ziwa, karibu na mstari wa Ikweta, na samaki ninaowazungumzia wametoka ziwa hili hili. Maji yakikaa chumbani yanawafaa bila kifaa chochote cha kupasha moto. Sifa hiyo ya akriliki, kwetu, tunailipia bure.

Usafi. Hapa ndipo akriliki inapoumia. Inakwaruzika kwa mchanga, kwa kucha, kwa dodoki. Samaki wetu wa ziwani hupenda kufukua mchanga. Punje moja ikinasa kwenye sponji yako unachora mstari usiofutika mpaka umwage maji na usugue kwa msasa laini. Ukiipulizia dawa ya kusafishia madirisha au spiriti, inaweza kufanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Sasa mfikirie mwalimu wetu. Tangi lake litasafishwa kwa zamu na wanafunzi wa kidato cha pili. Baada ya muhula mmoja, wataona mikwaruzo au wataona samaki?

Upatikanaji. Akriliki nyingi iliyopo kwa mafundi wa mabango ni nyembamba, ya milimita 3 hivi. Inafaa kuandikia jina la saluni. Haifai kuzuia lita 162. Na ustadi wa kuunganisha herufi za bango si ustadi wa kuunganisha tangi.

Wala asiwepo wa kukudanganya kwamba akriliki haipasuki. Mjini Berlin, Ujerumani, lilikuwapo tangi la akriliki la umbo la mcheduara, refu kama jengo la ghorofa kadhaa, lenye maji kama lita milioni moja. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022 lilipasuka ghafla. Kati ya samaki wapatao 1,500, karibu wote walikufa. Bahati njema watu walikuwa bado wamelala; wawili tu waliumia. Wachunguzi walitaja mambo matatu yanayoweza kuwa chanzo, mojawapo likiwa kuachia kwa maungio ya gundi. Kama Wajerumani waliweza kupasukiwa, fundi wetu wa mabango asikuapie.

Narudi kwenye tangi langu. Nilipolichunguza baada ya siku kadhaa, niligundua kwamba kioo hakikupasuka kwa mtikisiko. Meza ndiyo iliyopinduka. Nilikuwa nimeliweka juu ya meza ya televisheni, ya mbao laini, miguu minne myembamba, haikufungwa ukutani. Maji yalipoyumba, meza iliyumba nayo, na kilo 200 zikaenda chini. Lingekuwa la akriliki, pengine nisingekuta vipande vyenye makali, na hilo nakubali kwamba ni jambo la maana. Lakini tangi lingeanguka vile vile, na mtoto aliyelala chini yake asingepona kwa sababu eti plastiki ni nyepesi. Kosa lilikuwa langu. Niliteua kioo kwa uangalifu nikasahau meza.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, na wewe ndugu mwenye duka, ushauri wangu ni huu. Kwa tangi la kimo kisichozidi sentimita 45, chukueni kioo. Kiwe cha milimita 8, si kile cha dirisha cha milimita 4. Kingo zisuguliwe zisikate. Gundi iwe silikoni safi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani ile ya bafuni ina sumu kwa samaki. Baada ya kuunganisha, msubiri wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe. Kisha lijazeni maji nje, uani, likae siku mbili kabla ya kuingizwa ndani.

Meza iwe pana kuliko tangi, ya mvule au ya chuma, fupi, na ifungwe ukutani kwa vyuma. Chini ya tangi wekeni ile spongi nyeupe ngumu inayokuja ndani ya maboksi ya friji, ili kioo kisikalie kijiwe. Tangi lisikae mahali ambapo mtoto analala au anapita kukimbilia mlangoni. Ardhi yetu ipo kando ya Bonde la Ufa, na haikutoa ahadi yoyote mwaka 2016 kwamba ndiyo imemaliza. Akriliki nene ya kutosha mtaichukua iwapo tu mnataka tangi kubwa mno, au iwapo chumba ni cha watoto wadogo wa chekechea, na fundi awe amekwisha kutengeneza matangi mengine mkayaona.

Pengine msikilizaji unajiuliza: yote haya kwa ajili ya visamaki? Naam, hasa kwa ajili yao. Wale wa kwangu walikuwa furu, nilivyopewa na mvuvi mmoja wa Kemondo. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akatapakaa. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zimetoweka. Uchafu wa maji nao umechangia. Mwaka 1997 watafiti, Ole Seehausen na wenzake, walieleza katika jarida la Science kwamba jike la furu huteua dume kwa rangi, na maji yakiwa na tope rangi hazionekani, hivyo aina moja huchanganyika na nyingine mpaka tofauti zinapotea. Jike huyo huyo hubeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe. Mtoto wa Muleba anayemla furu kwa ugali hajapata kuliona jambo hilo, kwa sababu ziwani halionekani. Ndani ya tangi lenye ubao usio na mikwaruzo ataliona.

Mwisho, mambo mawili. Mwulize afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuchukua samaki hai, maana uvuvi unaongozwa na Sheria Namba 22 ya mwaka 2003. Na ukichoka kufuga, usiwamwage samaki wako ziwani, hasa wale walionunuliwa mbali. Sangara naye aliletwa na watu wenye nia njema.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa. Juzi ameniomba tununue tangi jingine. Nimemjibu kwamba fundi seremala atangulie, wa kioo atafuata.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.