Gari lako likiugua mtoto wa jicho

Yatazame magari yaliyoegeshwa nje ya kanisa lolote leo Jumapili. Utaliona moja lililoshwa likametameta, lakini taa zake za mbele zimefanya utandu wa manjano, mithili ya jicho la mzee lililoingiwa na mtoto wa jicho. Mwenyewe hana habari. Kwake yeye taa ni nzima maadamu balbu haijaungua.

Mnamo 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hiyo kutoka kwa magari yenye umri wa takriban miaka 11. Zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Sasa piga hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika barabara zetu za mashambani, kusiko na taa wala njia ya waendao kwa miguu, mama atokaye sokoni na mzigo wake kichwani ataonekana dereva akiwa hana tena nafasi ya kushika breki.

Waliomiliki Peugeot 504 hawakuujua ugonjwa huu. Taa za gari hilo zilikuwa za kioo hasa, na kioo huvunjwa na jiwe lakini hakigeuki manjano. Kile tunachokiita kioo cha taa siku hizi ni plastiki aina ya polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haivunjiki ovyo. Ila haipatani na jua. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na miale ya urujuanimno, na ngozi hiyo ikishaliwa na jua, vumbi na changarawe, plastiki yenyewe huanza kuharibika. Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, nayo sheria huruhusu yaingie nchini yakiwa na umri wa hadi miaka minane. Baadhi huteremshwa Mombasa utandu ukiwa umekwisha kuanza.

Kila mtu ana tiba yake. Wapo wanaosugua kwa dawa ya meno, ambayo kweli hung'arisha kidogo, kwa muda mfupi. Wengine hupulizia dawa ya kufukuza mbu. Hao usiwaruhusu kuligusa gari lako! Kemikali ya DEET iliyomo huyeyusha uso wa plastiki. Taa hung'aa ukitazama, kumbe imeumia zaidi. Kuna na wale wanaokimbilia balbu kali. Mwanga wake ukigonga utandu hutawanyika kila upande, ukampofusha dereva anayekuja.

Kazi ya haki huchukua asubuhi moja. Osha taa kwa sabuni, kisha zungushia utepe wa karatasi, ule wautumiao wapaka rangi, usije ukakwaruza bodi. Tafuta msasa wa maji. Anza na namba 800 ikiwa hali ni mbaya, uende 1000, 1500, umalizie na 2000 au zaidi. Msasa uwe umelowa wakati wote. Maji yatatiririka yakiwa ya manjano, na taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoikuta. Usishtuke, endelea tu. Namba ya mwisho ikishapita, sugua kwa kitambaa laini chenye kompaundi ya kung'arishia rangi ya gari.

Mafundi wengi wa kando ya barabara huishia hapo. Wewe walipa, waondoka ukitabasamu. Mimi nasema hiyo ni nusu ya kazi, na pengine ni hasara, kwani msasa umemaliza hata ile ngozi ya kiwandani iliyokuwa imesalia. Plastiki imeachwa uchi juani, na baada ya miezi michache utandu utarudi. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, muulize fundi swali moja: mwisho unapaka nini?

Jibu liwe vanishi angavu yenye kinga ya jua, ambayo wapaka rangi huiita klia. Taa hufutwa kwanza kwa spiriti, ikakauka, ndipo hupuliziwa mikono miwili mitatu myepesi mahali pasipo vumbi. Ile ya kuchanganya sehemu mbili hushika vizuri zaidi lakini mvuke wake ni sumu, kwa hivyo mwachie mwenye vifaa. AAA walipata kwamba taa iliyorekebishwa hurudisha kama asilimia 70 ya mwanga.

Ukiona matone ya maji ndani ya taa, au plastiki ina nyufa, weka msasa kando maana hautasaidia. Nunua taa nyingine, hata ya mtumba kutoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Lakini itoe nje uitazame juani kwanza, kwani si ajabu ukauziwa iliyosuguliwa jana.