Pikapu Inayorusha: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadili Springi na Shokapu

Kwa wakazi wengi wa Bonde la Kilombero, pikapu ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha safari. Gari linalopeleka mbolea Mngeta asubuhi ndilo linaloleta mpunga mashineni Ifakara jioni, na usiku huenda likaitwa kumwahisha mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Si ajabu basi kwamba wenye magari hutamani kulipunguzia gari mrusho. Hata hivyo, wapo wanaotumia fedha nyingi na kubaki na gari lilelile gumu, na wapo wanaopata gari laini lisiloweza tena kubeba mzigo kwa usalama. Katika sura hii tunaeleza nini hasa hurekebisha tatizo, kwa mpangilio gani, na mlaji adai nini kabla ya kulipa.

Kwa nini pikapu hurusha

Springi na shokapu hufanya kazi mbili tofauti. Springi hubeba uzito wa gari na mzigo. Shokapu huzuia springi isiendelee kudunda baada ya kupita kwenye shimo. Pikapu nyingi, zikiwamo Toyota Hilux zilizotoka tangu mwaka 2005, zina springi za koili mbele na springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka nyuma. Springi hizo za nyuma zimekusudiwa kustahimili mzigo wa takribani tani moja. Gari likiwa tupu hazipindi vya kutosha, hivyo abiria huhisi kila tuta. Likipakiwa magunia machache hutulia.

Kwa hiyo ugumu wa pikapu tupu si lazima uwe kasoro. Ndiyo gharama ya uwezo wake wa kubeba. Springi inayobeba tani moja kwa uimara haiwezi pia kuwa laini kama ya gari dogo linapokuwa tupu. Muuzaji anayeahidi yote mawili kwa ukamilifu anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Anza na yasiyo na gharama kubwa

Kwanza, upepo wa tairi. Dereva aliyejaza upepo kwa ajili ya mzigo kutoka Mlimba, kisha akaendelea kuzunguka mjini gari likiwa tupu, atapata mrusho usiohusiana na springi wala shokapu. Kiwango kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kikitofautisha gari tupu na gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla tairi halijapata joto. Usishuke chini ya kiwango hicho ukitafuta ulaini: tairi lenye upepo mdogo hupata joto kupita kiasi na huweza kupasuka, hasa kwenye lami ambako mwendo huongezeka.

Pili, bushi na nati zinazoshikilia springi. Bushi zilizoliwa hugonga na kupeleka mtikisiko hadi kwenye chesisi. Baada ya masika, tope lililokauka kati ya mabapa ya springi, pamoja na kutu, huyafanya yasiteleze inavyopaswa. Kuosha, kukagua na kubadili bushi hugharimu kidogo kuliko springi mpya, na mara nyingi hutosha.

Shokapu

Shokapu iliyochoka ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la starehe. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo mfululizo, gurudumu hurukaruka juu ya ardhi; na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halitii usukani. Dalili zake ni mafuta yanayovuja kwenye shokapu, tairi kuisha kwa mabaka, na gari kuendelea kudunda baada ya kupita tuta. Kubonyeza kona ya mbele ya gari na kuiachia ni jaribio linalosaidia. Nyuma ya pikapu tupu jaribio hilo halitoshi, kwa kuwa springi zake ni ngumu kwa nguvu za mkono.

Shokapu zenye gesi hustahimili safari ndefu ya mtikisiko kuliko za mafuta pekee, kwa sababu gesi hupunguza povu katika mafuta yanayopata joto. Badili shokapu mbili za ekseli moja kwa pamoja, na hakikisha urefu wake unalingana na gari lako.

Springi

Uamuzi kuhusu springi utegemee mzigo wa siku nyingi, si mzigo wa siku moja ya mavuno. Anayebeba karibu tani moja kila siku atafaidika na springi imara zaidi. Anayebeba familia na magunia mawili akiongeza bapa atalifanya gari lirushe zaidi. Kupunguza mabapa huleta ulaini, lakini gari hilo lisipakiwe tena mzigo wa awali. Tunashauri pia kutokubali springi kuchomwa moto ili ikunjwe upya, wala kuchomelewa: moto usiodhibitiwa huharibu ugumu wa chuma, na springi huweza kukatika njiani.

Kuinua gari ni jambo jingine. Gari lililoinuliwa hupita kwenye maji na tope kwa urahisi zaidi, lakini hupinduka kwa wepesi zaidi. Mipira ya breki, pembe ya propela na mwelekeo wa taa za mbele vikaguliwe baada ya kazi hiyo.

Springi mpya haziongezi uwezo wa gari

Breki, ekseli, tairi na chesisi hubaki vilevile. Chukulia pikapu ya milango minne yenye uwezo wa kilo 1,000. Uwezo huo kwa kawaida huhesabu na watu. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Zinabaki kilo 650, yaani magunia sita ya kilo 100. Magunia hayo yakiwa lumbesa, hesabu ya magunia haikuambii tena uzito halisi. Gari lililoinuka nyuma kwa springi mpya huonekana halijazidiwa, ilhali breki zake zimezidiwa.

Mlaji adai nini

Kabla ya kazi, mweleze fundi uzito unaobeba mara nyingi, kisha omba makadirio ya maandishi yanayotaja kila kipuri na iwapo ni kipya au kimetumika. Linganisha namba ya kipuri na ya gari lako, na kagua maandishi na ubora wa chapa kwenye boksi. Dai risiti ya EFD, masharti ya dhamana kwa maandishi, na vipuri vya zamani vilivyotolewa. Kisha lijaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wako wa kawaida.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Aliyeuziwa shokapu iliyotumika kwa jina la mpya arejee kwanza kwa muuzaji akiwa na risiti. Asiporidhika, awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), akiambatisha nakala za risiti na makadirio, na akihifadhi kipuri husika pamoja na boksi lake.