Vitabu Vinavyofunza Kuvipenda Viumbe

Ni mzazi gani wa pwani asiyewahi kumwambia mwanawe, "Usitupe taka hapo," na kesho yake akalirudia neno lile lile? Katazo husahaulika upesi. Kisa hudumu moyoni. Kwa hiyo ni vyema watoto wetu wapate visa vitakavyowafanya wavipende viumbe vya Mwenyezi Mungu kabla ya kuamrishwa kuvitunza. Wiki hii twavitaja vitatu.

Cha kwanza ni Hayy ibn Yaqdhan, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 12 na Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia. Mtoto akulia kisiwani peke yake, akinyonyeshwa na paa. Anapopevuka na kumtambua Muumba kwa kuvitazama viumbe Vyake, ajipa wajibu: auonapo mmea uliozibiwa jua, huondoa kizuizi, ulio na kiu, huunywesha, na alapo tunda, huzihifadhi mbegu, wala hazitupi mahali pasipofaa kuota.

Cha pili ni kisa kilichomo katika risala za Ikhwan al-Safa, wanazuoni wa Basra wa karne ya 10. Wanyama wawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na punda naye alalamikia mizigo mizito na fimbo. Mtoto wa Lamu, amwonaye punda kila siku vichochoroni, hahitaji kufafanuliwa shauri hilo. Mwishowe wanadamu washinda kesi, lakini atakayesikiliza hoja za wanyama hatainua fimbo kwa wepesi tena.

Cha tatu ni cha jirani yetu. Katika Unbowed, kilichotoka mwaka wa 2006, Profesa Wangari Maathai asimulia utoto wake Nyeri. Mamake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, kwani ulikuwa mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito, na humo aliyaona mayai ya chura yaking'ara kama shanga, akatamani kuyavaa shingoni. Aliporejea baadaye, mti ulikuwa umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka. Mwaka wa 1977 alianzisha Green Belt Movement, akiwashirikisha wanawake wa vijijini kupanda miti. Mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Neno la mama halikupotea.

Vitabu hivi havikuandikwa kwa Kiswahili, na hilo lisitukatishe tamaa. Ajuaye Kiarabu au Kiingereza nyumbani, awe mama, shangazi au binti aliye sekondari, na asome mchana, kisha baada ya Isha awasimulie wadogo kwa lugha yetu. Ndivyo bibi zetu walivyotulea: kwa hadithi, si kwa kelele.

Kisha kisa kifuatwe na tendo. Wapelekeni watoto kwenye mikoko, waone samaki wachanga wanavyojificha mizizini. Wapeni mbegu ya mpapai au mche wa mwembe, kila mmoja na wake wa kumwagilia. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba Muislamu apandapo mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Mtoto aliyekwisha kumjua Hayy atalipokea fundisho hilo kwa furaha, Inshaallah.