Mkanda hukatika kimya, cheni hupiga kelele

Anayetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kwenda Lilongwe hupita Kanengo, eneo la viwanda. Barabara hiyo imejaa magari ya mitumba kutoka Japani. Wanunuzi wengi hukagua rangi na matairi. Mimi huanza na swali moja: injini ina mkanda wa taimingi au cheni?

Vyote viwili huzungusha kamshafti kwa mpango, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Toyota Hiace ya dizeli, injini 3L, hutumia mkanda wa mpira, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga valvu, na hapo umeua injini.

Toyota Vitz yenye injini 1NZ-FE ina cheni. Hii haina kilomita maalumu za kubadilishwa, lakini uhai wake ni oili. Oili ikipungua au kuchakaa, cheni hulika na kulegea, ukiwasha gari asubuhi unasikia inakwaruza. Usingoje, nenda gereji.

Ndugu msomaji, usiamini kilomita za dashibodi. Tafuta karatasi ya Kijapani iliyobandikwa karibu na injini, inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Usipoiona, weka mkanda mpya pamoja na beringi yake. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kufufua injini, hasa kama gari ndilo linalolisha familia.