Je, Wajua? Gari Likikugonga na Kutoroka

Je, wajua kwamba Kenya haina mfuko wa kumlipa mtu aliyegongwa na gari lisilojulikana? Ugongwe jioni kati ya Kenyenya na Ogembo, gari litokomee upande wa Kilgoris bila yeyote kusoma nambari, na huna wa kumshtaki. Sura ya 405 ya sheria inamlazimu kila mwenye gari, na mwenye bodaboda pia, kuwa na bima ya thadi pati. Lakini bima hiyo hufuata gari. Gari lisipojulikana, hata kampuni ya bima haijulikani.

Je, wajua kwamba Rwanda wanao mfuko wa aina hiyo? Humlipa aliyegongwa na gari lisilotambulika au lisilo na bima, na hata aliyeumizwa na mnyama wa mbuga. Uingereza, kampuni za bima ziliunda chombo chao mwaka 1946, na tangu 1969 kinawalipa pia watu waliogongwa na madereva wasiojulikana. Afrika Kusini hugharamia mfuko wao kwa tozo kwenye kila lita ya mafuta. India, tangu Aprili 2022, hutoa rupia 200,000 kwa familia ya aliyefariki na 50,000 kwa aliyeumia vibaya. Si pesa za kujengea nyumba, ila zinalipa hospitali. Na sisi, kwa tozo zote tunazolipa kwenye petroli, hatujaona haja ya kuongeza hii moja.

Je, wajua kwamba dereva akitoroka, kesi haitoroki naye? Ukiwa na nambari ya gari, dereva anaweza hata kuwa amevuka mpaka wa Isebania na bado ukamshtaki mwenye gari aliyemtuma. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyeandikishwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo. Jina lake hupatikana NTSA kwa ada. Kwa hiyo wewe uliyeuza Probox yako kwa kuaminiana, ukapokea pesa na kuliacha jina lako kwenye rekodi, unaweza kuletewa samansi ya ajali usiyoijua.

Je, wajua jinsi ya kuisoma nambari haraka? Nambari ya pikipiki huanza na KM. GK ni ya Serikali Kuu, na 45CG ni ya Kaunti ya Kisii. Nyamira ni 46. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Kesi ya kawaida ya majeraha ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Dhidi ya Serikali una miezi 12 tu, na wengi hugundua hivyo mwezi wa 13.

Je, wajua kwamba barabara yenyewe hubaki na ushahidi? Kioo cha pembeni kilichong'oka, kipande cha taa chenye maandishi ya kiwandani, rangi iliyoachwa kwenye fremu ya baiskeli: vitu hivi humwonyesha mpelelezi aina ya gari na mahali lilipogonga. Lakini mvua ya alasiri ya Gusii haimsubiri polisi, na watoto huokota vioo. Mmoja ambebe majeruhi, mwingine apige picha kwa simu kabla ya chochote kusogezwa. Kama kuna kituo cha petroli chenye kamera njiani, nendeni siku hiyo hiyo, kwa sababu picha hizo hufutwa na mpya zinazorekodiwa juu yazo. Na gari likikamatwa, tafadhali msilichome. Hasira naielewa, lakini mkilichoma mnauchoma ushahidi pamoja nalo.

Je, wajua kwamba dereva ana wajibu wa kusimama hata akimgonga ng'ombe? Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinahusu mtu, gari na mnyama. Asipotoa jina na anwani yake papo hapo, sharti aripoti polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Anayeogopa kupigwa na umati basi anajua pa kukimbilia: kituoni.

Je, wajua kwamba hospitali haina ruhusa ya kukufukuza kwa kukosa pesa ukiwa katika hali ya dharura? Ni Katiba, ibara ya 43(2), iwe Kenyenya au hospitali ya rufaa mjini Kisii. Tunza karatasi zote, hata ya panadol. Pamoja na nambari ya OB, abstrakti ya polisi na fomu ya P3, hizo ndizo kesi yako.

Je, wajua kwamba kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja? Mahakama ikitoa zaidi, salio humfuata mwenye gari. Uganda, sheria ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 za huko, ambazo leo hazifiki 40,000 za Kenya.

Je, wajua kwamba mkataba wa wakili wa kukata asilimia ya fidia yako hauna nguvu kisheria? Sheria ya Mawakili imeukataza. Broka anayekufuata wodini na kalamu mkononi hatakwambia hilo.

Je, wajua kwamba ndugu wa marehemu hawahesabiki? Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawataja mke, mume, wazazi na watoto. Kifungua mimba aliyekuwa akiwalipia wadogo zake karo akigongwa na kufa, wadogo hao hawana fungu chini ya sheria hiyo.