Wasia wa Mwana Kupona

Mara nyingi twaulizwa kama wanawake wa pwani zamani walikuwa na neno lao katika utungaji, au walikuwa wakitungiwa tu na wanaume. Leo twapenda kujibu kwa khabari za Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu.

Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mkuu wa Siu, aliyeshindana miaka mingi na Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alikufa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye Mwana Kupona, naye mgonjwa, alimwita bintiye Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia.

Wasia huo ni mzito. Mwanamke, asema, hana budi kupata radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Siku ya kufufuliwa, mume ataulizwa alitakalo juu ya mkewe, nalo ndilo litakalotendwa. Kwa sababu hiyo wengi wameusoma kuwa mafundisho ya utii basi. Hata Alice Werner na William Hichens, walipoupiga chapa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliuita shauri juu ya wajibu wa mke.

Sisi twaona jina hilo lasema nusu tu. Tazameni mahali anapomwambia bintiye amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena. Je, ni nani mwenye akili katika nyumba hiyo, na ni nani anayelelewa? Wataalamu wa siku hizi wamebishana sana juu ya maneno hayo: wengine wasema ni mapenzi matupu, wengine wasikia kicheko cha mama ndani yake. Nasi twakisikia kicheko hicho, ingawa hatuwezi kuapa.

Wala tusimfanye mtetezi wa wanawake wote. Amwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Basi wanawake wengi wa Siu hawakuwamo katika wasia huo.

Lakini mwishoni hasemi tena na Hashima peke yake. Awaita wanawake wausome wapate kufahamu, kisha atia mwaka wa kutunga, 1275 wa Hijra, kama afanyavyo mtungaji yeyote mwenye kujua kazi yake.